Kuku Hewa wa Halmashauri

Sheria ya Tanzania haina kona: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ikopeshe vikundi bila riba. Wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Hesabu ya darasa la nne. Ugumu huanza ikishafika kikaoni.

Mama ntilie wanaoomba hela ya masufuria na jiko la gesi huambiwa katiba ya kikundi chao haina muhuri, warudi kwa mtendaji wa kata. Kikundi kilichozaliwa juzi, chenye mwenyekiti ambaye ni shemeji wa mtu na mradi wa kuku ambao hakuna jirani aliyewahi kuwasikia wakiwika, hupita bila kupingwa. Waheshimiwa wanagonga meza, soda zinafunguliwa, karatasi ya posho inazungushwa. Hiyo haijawahi kukosewa jina hata moja.

CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alipouliza waliko kuku, akaonyeshwa banda la kwenye karatasi. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote ili ijipange. Iliporejea mwaka 2024, halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, kwa imani kwamba benki haina shemeji. Tuombe iwe kweli.

Wakati wa kujipanga, tuliambiwa sote tuwe na subira. Mama ntilie alisubiri, na mwenye kuku hewa naye alisubiri. Tofauti ni ndogo tu: mmoja wao alisubiri akiwa ameshakula.