Chui Mwenye Mapele

"Huyu ng'ombe mmeshamwita bwana mifugo?" aliuliza mzee jirani yetu, mfugaji wa siku nyingi kutoka Kibosho, akiwa ameinama mbele ya chui wangu. "Haya ni mapele ngozi kabisa. Msije mkamchinja."

"Asante, mzee," nikaitika. Ningefanyaje? Mtu uliyemwamkia shikamoo sasa hivi humbishii, hata kama anamtibu chui wako.

Chui huyo, niliyemchora mwenyewe, alitakiwa amwige chui wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya ubao wa dari. Ukitazama, kazi nyepesi: nyuma rangi moja, mbele mnyama mmoja, tia madoa, kalale. Kumbe mtihani wote umo kwenye kukauka. Rangi ya maji, maji yakiondoka imekwisha kauka. Ya mafuta ina mambo yake: kiyeyusho kikishapaa, mafuta yaliyobaki hufyonza oksijeni hewani, ndipo yakagandamana. Na hewa hugusa juu kwanza. Juu hutanda utando kama wa maziwa yaliyopoa, chini bado rojo. Unagusa, unaona tayari, unaweka doa. Doa lina kiyeyusho kibichi. Linaulainisha utando, utando unajikunja, unavimba. Ndiyo maana fundi hupaka wembamba, akangoja, akarudia. Sasa wewe ngoja Moshi, wakati wa masika, kilele cha Kibo kimejifunika mawingu na soksi za juzi bado zinachuruzika.

Picha nyingine nazo: simba alikanyagwa na kuku kabla hajakauka. Twiga aliishiwa ubao shingoni.

Kiboko ndiye aliyefika mjini, kwenye duka moja la vinyago. Mwenye duka akampenda. "Ila kaka, hilo jina lako hapo chini lifute. Andika Tingatinga, ndilo watalii wanalolijua."

Hapo kicheko kiliniisha. Tingatinga alipigwa risasi na polisi mwaka 1972, wakimdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu. Wanafunzi wake, akina January Linda na Simon Mpata, walimwiga mkono, lakini kazi zao walizitia saini zao. Leo mchoraji wa Moshi anatakiwa aige mpaka jina, marehemu auze, aliye hai asijulikane.

Ukinunua picha ya tembo na Kibo, uliza nani kaichora. Muuzaji asipokujibu, rudisha hela yako mfukoni.