Rudisha Kidogo, Fundi

Fundi dishi wa Bagamoyo hana haja ya dira. Anauliza tu, "Hapa mnaswali mnaelekea wapi?" kisha anaegemeza dishi kushoto kidogo ya huko. Na hakosei. Kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, na satelaiti ya nyuzi 36 mashariki, inayotuletea mpira, nayo iko kaskazini ikijivuta magharibi, kilomita kama 36,000 juu ya ikweta.

Kasheshe ni mawasiliano. Fundi yuko juu ya bati, mimi niko sebuleni nachungulia king'amuzi, na mlangoni kasimama mtoto wa jirani wa kupokezana kelele.

"Bado!" nasema.

"Bado!" anapaza mtoto.

"Imekuja!"

Mtoto kaona kuku wanaingia kwenye dagaa walioanikwa, kaenda kuwafukuza. Akirudi na kutangaza "Imekuja!", dishi lishapita, fundi anakaza nati kwa furaha, na sisi tunatazama chenga. Mama mkwe, aliyekwisha kukaa mkao wa tamthilia, anauliza kwa upole kama fundi huyu tulimlipa kabla.

Nilipata faraja niliposoma habari za KATRIN, mtambo wa mita 70 ulioko Karlsruhe, Ujerumani, wa kupima uzito wa nutrino, chembe inayokupita mwilini bila hodi. Elektroni zitokazo kwenye tritiamu lazima zipite katikati ya safu ya sumaku. Sumaku moja ikikaa upande, kama dishi letu, zinagonga ukuta. Hata usumaku wa dunia wanasayansi wameukabili kwa kuzungushia mtambo nyaya, ili usizisumbue.

Tangi lake kubwa, tani 200, lilitengenezwa kilomita kama 400 tu kutoka hapo. Barabara hazikulitosha. Mwaka 2006 likateremshwa mto Danube, likapitia Bahari Nyeusi, Mediterania na Atlantiki, likapandishwa mto Rhine: karibu kilomita 9,000. Ni sawa na kutoka kwetu kwenda Bunju, hapo jirani, kwa kupitia Mombasa na Zanzibar. Mwaka 2025 wakatangaza kwamba uzito wa nutrino hauzidi elektronivolti 0.45. Haujulikani ni ngapi, ila hauzidi hapo.

Basi fundi wetu aliposhuka na kusema, "Mawimbi asilimia sitini, inatosha," sikubishana naye. Usiku kusi likavuma, ikabaki arobaini.

Wewe unayefunga dishi msimu huu, panda mwenyewe ukague nati kabla hujatoa hela. Na kuku wafungie.