Mhadhara wa Wazi Kandokando ya Lambo: Kumtambua Mtoto wa Mzia Ukiwa Matiliku

Wananchi watukufu wa Matiliku, ketini. Mwenye mtungi kichwani na autue. Elimu ya leo haimwingii aliyeelemewa. Mimi ndiye bingwa wa viluwiluwi vya mzia Makueni nzima, cheo nilichojitunuku baada ya kutafuta mshindani nikamkosa. Taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI, iliundwa 1979, na hadi leo haijathubutu kunialika Mombasa.

Wasomi wa pwani hukokota neti ya matundu madogo baharini, wakahifadhi walichonasa kwenye spiriti. Mimi nina kichungi cha chai na kaluvu, pombe yetu ya kienyeji. Sampuli ya kwanza ilinywewa yote, samaki wakiwemo. Simtaji mtu, ila amekaa pale nyuma anapiga kwikwi.

Sasa andikeni. Yai la mzia huelea. Kinachoanguliwa ni kidude cha milimita chache, kimebeba kiini cha yai tumboni kama mwanafunzi aliyefungiwa muthokoi. Akiba ikiisha, huwinda vijidudu vya majini. Baadaye ncha ya uti wa mgongo hupinda juu, mionzi ya pezi la mkia ikaota chini yake. Hapo wanagenzi humwita chuchunge. Upuuzi! Hesabu pingili za misuli ubavuni: chuchunge anazo kama 50, mzia 24 tu. Kisha mkague taya la chini: limechongoka, na nchani pana kinundu cha nyama. Mapezi mawili ya mgongoni yametengana kabisa, hayasalimiani.

Nasikia mnanong'ona kwamba bahari iko zaidi ya kilomita 300. Jiografia imewapita! Mvua yetu huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, ikamwaga udongo wa Ukambani baharini pale kaskazini ya Malindi. Udongo wetu ukienda kwao, mzia atakosaje kuja kwetu? Eti watoto wa mzia hukulia kwenye mikoko na nyasi za bahari, kama kule Gazi. Hao ni wale wasio na malengo.

Naam, Mwaitu? Viluwiluwi vya lamboni vimeota miguu? Ya nyuma kwanza? Na mkia unapungua? Hongera, Mwaitu! Umeshuhudia hatua ambayo vitabu vya dunia havijaifikia. Zile kelele za usiku ni kubalehe.

Cheti ni shilingi 200. Na asichote mtu maji hapa mpaka nimalize kuhesabu pingili.