Kiu ya Joko

Kwa muda wa miezi kumi na moja joko letu la umeme lilikaa ghalani chini ya gunia, likivuta unyevu wa bahari usioacha nyumba hata moja katika Mji wa Kale wa Mombasa. Na usiku wa mwezi 27 Ramadhani, wakwe zangu walipokwisha kufuturu kwetu na mama mkwe akatamani mkate wa mayai, nililitoa mwenyewe, nikalipangusa kwa taadhima kana kwamba ni sanduku la urithi, nikaliweka mezani mbele ya hadhira ya jikoni.

Laiti ningaliwasha nikanyamaza! Nilianza kuhutubu juu ya waya wa nikeli na kromu, ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906, na jinsi unavyostahimili kuiva mwekundu bila kuliwa na kutu. Kisha nikazungusha kitasa hadi digrii 250, nikabonyeza swichi, na nyumba nzima ikawa giza. Feni iliyokuwa ikimpepea baba mkwe ikasimama, naye akauliza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kama hayo nayo yalikuwa sehemu ya darasa. Nikainua swichi kuu, ikaanguka. Nikaiinua tena kwa ghadhabu. Ikaanguka kwa mlio ambao watoto walianza kuuiga.

Fundi, aliyeitwa kutoka barazani pa kahawa, aligusa joko kwa mita yake akasema, "Limekunywa maji, bwana." Ndani ya bomba jembamba la chuma, akafafanua, waya umezungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesi, ambao ukiwa mkavu huuzuia umeme usipenye, walakini ukikaa muda mrefu bila moto hufyonza unyevu kupitia ncha za bomba, hata umeme ukapata mwanya wa kutorokea, swichi kuu ikihisi hivyo, hukata, nayo ina haki. Dawa ni kuukausha kwa moto mdogo. Kitasa hakifai kitu, maana hata kikiwa chini kabisa umeme unaopita ni ule ule kamili, ila kwa muda mfupi zaidi.

Mama mkwe akasema kwamba yeye alizoea kupalia mkate kwa makaa juu na chini, na hakupata kuona mtu akimwaga jiko zima juu ya kifuniko kwa mkupuo mmoja. Kisha akatuma iletwe transfoma ya blenda yake, zawadi ya mwanawe aliyeko Marekani, inayoshusha umeme kutoka volti 240 hadi 110. Na joko la wati 2,000 likashuka, si nusu kama nilivyotangaza, bali hadi wati 400 na ushei.

Tulikaa saa mbili na nusu, joko likitoa harufu ya gunia, na kila nusu saa fundi akichomoa waya, akipima, akitikisa kichwa, akiomba kikombe kingine cha kahawa, hata nikashuku kwamba unyevu ule ulikuwa ukipimwa kwa vikombe. Kwenye cha tano akaridhika. Tukawasha kwa nguvu kamili, taa hazikutikisika. Mayai yaliyopigwa hata kuumuka yalikuwa yamekwisha kunywea, na mkate ukatoka mwembamba mno. Baba mkwe akaumaliza, akasifu biskuti.

Transfoma ingali ghalani kwangu, chini ya gunia pamoja na joko, na Idi Kubwa haiko mbali. Mama mkwe akikuulizeni habari zake, tafadhalini mwambieni hamkuiona.