Ua Langu Katika Sinia

Tangu Jumamosi ile ya harusi sipiti tena mbele ya baraza ya ami yake bwana harusi, maana hata sasa masikio yangu yanaisikia sauti yake ile tulivu, mbele ya wanaume sita tulioketi kulizunguka sinia moja la pilau hapa mtaani Jabe, akisema huku taya zake zikifanya kazi isiyokuwa na tija: “Wallahi, mbuzi huyu alikuwa mzee.”

Hakuwa mbuzi. Lilikuwa ua langu, la sufu ya rangi ya nyama iliyokaangwa, nililolishona kwa mkono siku tatu na kulifunga kwa bizimu kwenye ukosi wa koti. Nami nilipoinama kuchukua tonge, uzi ulifumuka, ua likaanguka kimya kati ya minofu. Mzee akakitoa kinywani kile kitu, akakigeuza kwa kidole gumba, akahesabu petali moja hadi tano, kisha akanitazama kifuani, ambako bizimu lilikuwa bado limening’inia wazi, likimeta kama shahidi aliyekula yamini.

Ndugu msomaji, usiidharau nguo ile ya ua langu. Nguo nyingi tulizozizoea zimefumwa, mtande na mshindio, na ukizikata kingo hufumuka. Lakini hii haikuona kitanda cha mfumaji. Unywele wa kondoo, ukitazamwa kwa hadubini, una magamba yaliyolaliana kama ya samaki, nayo yakipata maji ya moto na sabuni hufunguka, na yakisuguliwa, kila unywele hutambaa upande wa shina lake tu, usiweze kurudi nyuma, hata nyuzi zote zikashikana kwa ushikamano ambao mkasi waweza kuukata lakini hauwezi kuufumua. Ndiyo hikima ya sweta iliyofuliwa vibaya kumkataa mwenyewe na kumfaa mwanawe. Pamba yetu ya bonde la Imbo haina magamba, na hata ukiichemsha hadi Kiyama itabaki pamba. Basi nilinunua sweta ya sufu katika mitumba ya soko la Jabe, kwa bei ya huruma, kwa kuwa katika joto hili la kando ya Ziwa Tanganyika hainunui ila msafiri wa baridi ya milima ya Mugamba, nikaichemsha, nikaisugua, nikakata petali, nikazipiga bandi kwenye vitako vyake na kuuvuta uzi hata zikakunjamana kama kikombe. Lilibaki fundo. Umeme ukakatika, nikaliahirisha fundo hadi asubuhi, na asubuhi nikavaa koti.

Ua la pili lilimdunga kinyozi wangu kwa bizimu lake. La tatu lililiwa na mbuzi wa jirani, ambaye hakulalamikia ugumu wowote. Habari za sufuria ya mke wangu sitazisema.

La nne, lenye mafundo mawili, nililipeleka sokoni, na mama mmoja aliyeniuliza bei alicheka kwa adabu, akasema kwa fedha hizo atapata maua kumi na mawili ya plastiki, akaenda kuyanunua palepale bila kubishana hata kidogo. Hapo mzaha uliniisha. Soko kuu la mji wetu lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, watu waliamka matajiri wakalala maskini, na waliobaki na kitu walibaki na mikono yao, na mikono hiyo ndiyo tunayoipunguzia bei kila siku, tukimwambia fundi “si ni uzi tu?”, ilhali kitu kilichotoka kwa mashine ya mbali, ambacho hakuna aliyekikeshea, tunakilipia kimyakimya. Hakuna aliyeniuliza nililala saa ngapi.

Kwa insafu, yuko mmoja tu aliyeipa kazi yangu wakati wake: ami yake bwana harusi, ambaye aliitafuna kwa makini dakika tatu kamili, wala hakuomba apunguziwe.