Rimoti ya Msomi

Elimu siikatai. Ninachokataa ni elimu kukaa kwenye kochi langu Jumamosi jioni, imeshika rimoti.

Mpwa wangu, anayelala chumba cha nyuma hapa kwetu London na kula kama mwenye nyumba, anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu tamthilia za sayansi ya kubuni za televisheni ya Uingereza. Ukoo mzima unachangia ada. Mimi nimechangia televisheni, pamoja na amani yangu ya mwisho wa wiki.

Ukitazama naye Doctor Who, mojawapo ya tamthilia hizo, dakika moja inakula robo saa. Dalek, dubwana adui wa tamthilia hiyo, anatokea, anapayuka kwamba atawaangamiza watu wote, mimi ndiyo kwanza nasogea ukingoni mwa kochi, mara picha inaganda.

"Mjomba, tazama ule mkono. Unaona nini?"

Naona kipira cha kuzibulia sinki, baba, kimechomekwa mbele ya debe linalotembea. Yeye anaona kivuli cha Wanazi, ubahili wa BBC, na kitu cha tatu chenye silabi nyingi ambacho sikukidaka. Aliyelichora dubwana hilo, Raymond Cusick, alikuwa mwajiriwa wa BBC, basi akabaki na mshahara wake. Terry Nation, aliyeandika hadithi, ndiye aliyevuna pesa za midoli. Hilo nimelielewa bila tasnifu. Hata kazini kwangu ndivyo mambo yalivyo.

Nikamuuliza ni nani aliyeuleta ugonjwa huu wa kuichambua televisheni. Akanitolea kitabu cha John Tulloch na Manuel Alvarado cha mwaka 1983, Doctor Who: The Unfolding Text. Nilikifungua katikati, nikakifunga taratibu, kama mtu aliyekosea mlango wa choo. Kumbe hata waandishi wa tamthilia yenyewe walikuwa wamekisoma! Katika hadithi ya Dragonfire ya mwaka 1987, Daktari, shujaa wa tamthilia, anataka kumzubaisha mlinzi kwa maswali ya falsafa. Mlinzi hababaiki. Anachangamka, na bunduki yake mkononi, anamrudishia swali moja zito la kisomi lililochotwa humo humo kitabuni. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Mpwa wangu akasimamisha picha, akanieleza kwa nini nimecheka, na aliendelea kunieleza hadi kicheko chote kikanitoka.

Afadhali basi hizo sehemu zinazoonekana, maana nyingine zimepotea. Tamthilia hii ilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa, na kwa miaka mingi BBC ilikuwa ikifuta kanda zake ili irekodie mambo mengine. Kanda zilikuwa ghali, na nani angetaka kurudia mchezo wa zamani wa Jumamosi? Mpwa wangu, ndiye huyo. Sehemu karibu 100 hazipo hadi leo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba 9 zimepatikana Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, maana zamani BBC iliziuza nje kwenye filamu. Akiisimulia habari hiyo hushika kifua. Mwezi uliopita kaniuliza kama marehemu babu hakuacha makopo ya filamu darini kule Tanga. Babu! Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Darini kwa babu kulikuwa na popo.

Tena msidhani kwamba sehemu isiyoonekana haitazamwi. Enzi zile kulikuwa na watazamaji waliorekodi sauti nyumbani kwa tepurekoda, na kwa juhudi zao sauti za sehemu zote zilizopotea zimesalia. Kwa hiyo kuna jioni tunakaa sebuleni, watu wazima, tunaisikiliza televisheni. Mlango unagongwa, mtu anapiga ukelele, kisha kimya kirefu. "Hapo anapanda ngazi," ananong'ona. Amejuaje? Juzi nilisema kwa sauti kwamba huu ni upuuzi mtupu, na kwamba mtu mwenye akili timamu angeweka mpira.

Kalamu ikaanza kukwaruza.

Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya kitabu kingine, cha mwaka 1995, ambamo Tulloch na mwenzake Henry Jenkins waliwachunguza watazamaji wenyewe: wanapenda nini, wananung'unikia nini. Yaani walipomalizana na Dalek wakahamia kwa mwenye kochi.

"Mjomba, naomba urudie hapo kwenye upuuzi, halafu unijazie hii." Ni fomu ya ridhaa. Umri, kazi, saa ninazotazama televisheni kwa wiki. Jina langu halitatajwa. Nitaitwa Mshiriki wa Pili. Nikauliza wa kwanza ni nani. Ni mke wangu, amenung'unika kurasa kumi na moja na kupewa vocha ya supamaketi. Kuhusu vocha ya Mshiriki wa Pili, naambiwa bajeti ya utafiti imekwisha.