Mumiani Anayemeremeta

Binti wa kaka yangu alikuja likizo na kitabu cheusi chenye picha ya mikono iliyoshika tufaha, akakiacha sebuleni. Twilight, cha Stephenie Meyer, kilichotoka mwaka 2005. Wasichana walipokuwa wakikililia, mimi nilikuwa nafua nepi. Nikasema nisome kurasa mbili tatu wakati maharage yanachemka. Maharage yale hayakuliwa na mtu, na sufuria imehamia kwa kuku.

Mimi ni mtoto wa pwani, nimelelewa kwa hofu ya mumiani. Enzi za wakoloni uvumi ulitapakaa kuanzia Mombasa hadi Kampala kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Bibi yangu, mpaka anaingia kaburini, hakupita mbele ya kituo cha zimamoto; alivuka barabara. Mumiani wa bibi hakupiga piano. Hakujali nywele zako zinanukia nini.

Sasa huyu Edward Cullen. Kazaliwa 1901, homa ya Hispania ilitaka kumuua kule Chicago mwaka 1918, akaokolewa kwa kung'atwa, na hadi leo yumo darasani anasoma biolojia na Bella, msichana anayempenda. Kwetu mwalimu wa zamu angemwamkia shikamoo. Juani haungui, anameremeta. Aliyemng'ata, ambaye ndiye baba yake wa kumlea, ni daktari wa hospitali. Daktari! Yaani lile jambo lililotufanya utotoni tukimbie sindano, Wamarekani wameliandika na kuliita mapenzi.

Nilikuwa nacho kwenye daladala asubuhi moja, nikawa naguna peke yangu. Mzee wa pembeni akashindwa kuvumilia.

"Binti yangu, unasoma nini?"

"Habari za mumiani, mzee."

Akavuta mfuko wake karibu. "Wa wapi?"

"Marekani. Lakini hanyonyi watu, anawinda wanyama wa porini tu."

Akatafakari. "Ana kibali?"

Siti ya nyuma wakaangua kicheko. Nikawaongezea kwamba kapenda msichana. Konda akaacha kudai nauli, akauliza kama msichana mwenyewe anajua. Nikamjibu anajua, na bado anamtaka. Mama mwenye ndoo ya dagaa akasonya msonyo mrefu, akasema hiyo ni dawa, si bure. Nilipitishwa kituo. Mzee naye kapitishwa chake, maana alikuwa anasubiri kujua kama posa imepelekwa.

Posa wapi! Huyu kijana anaingia chumbani kwa Bella usiku, anakaa anamtazama akilala. Mwanzoni msichana hata hana habari. Hapo nilikifunga kitabu nikaenda kukagua makomeo ya madirisha yangu yote, pamoja na la choo, ambalo hata paka linambana. Halafu nikarudi kukifungua, kwa sababu nilitaka kujua baba mtu atagundua lini.

Huyo baba, Charlie, ndiye mkuu wa polisi wa Forks, mji mdogo jimboni Washington ambako mvua haikatiki. Kutwa anashika wahalifu, akirudi anakula alichopika binti yake, anatazama mpira, analala. Mhalifu yuko juu chumbani! Nilimwonea huruma hadi nikawa naongea na kurasa: "Charlie, panda ngazi baba." Hapandi.

Jumapili mwenye kitabu akapiga simu, sauti imejaa furaha. Alikuwa ameshaambiwa na mama yake kwamba nimekimaliza.

"Shangazi! Haya niambie, uko upande wa Edward au wa Jacob, yule kijana mwingine anayemtaka Bella?"

"Niko upande wa Charlie."

Kimya. "Shangazi, Charlie hayumo kwenye mashindano."

"Wamuingize. Ana mshahara wa serikali, anavua samaki, na anaingia ndani kwa kupitia mlangoni."

Akakata simu. Baadaye akatuma ujumbe kwamba cha pili anakuja nacho Desemba, ila nisikisome kwenye daladala.